Kuendesha na Kusimamia: Istilahi za Kamati na Bodi za Shule

Miongoni mwa maneno yanayobebeshwa mzigo kupita kiasi katika lugha ya ofisi zetu ni neno usimamizi. Si zamani sana nilipewa kazi ya kuhakiki tafsiri ya mwongozo wa mafunzo uliokusudiwa wajumbe wa kamati za shule za msingi. Katika ukurasa mmoja nilikuta sentensi tatu zilizofuatana kwa karibu. Ya kwanza ilisema kwamba mwalimu mkuu ana jukumu la usimamizi wa shule. Ya pili ilisema kwamba kamati ya shule ina jukumu la usimamizi wa shule. Ya tatu, halmashauri ya wilaya ina jukumu la usimamizi wa shule. Matini ya Kiingereza ilikuwa na maneno matatu tofauti. Mfasiri, ambaye hakuwa mvivu wala mjinga, aliyafunika yote kwa neno moja. Msomaji aliyebaki na Kiswahili peke yake angeondoka na jambo moja tu: kwamba shule ina mabwana watatu na kazi moja.

Ningeweza kulisahihisha hilo mezani na kulisahau, kama nisingefuatana na wakufunzi walioupeleka mwongozo huo vijijini. Katika shule mojawapo mwenyekiti wa kamati, mzee aliyewahi kuwa fundi mwashi, aliuweka mwongozo juu ya dawati akaniuliza: "Mwanangu, hapa pameandikwa kwamba mimi ni msimamizi. Tulipojenga darasa, saruji ilipungua mifuko tisa. Sasa nieleze: kwa neno hili, mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa ghala, au mimi ndiye niliyepaswa kumwuliza mwenye ufunguo?" Nilimwambia, "Mzee wangu, kwa neno hili lilivyoandikwa hapa, yote mawili yawezekana." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Katika mkutano wa kijiji alikuwa amekwisha kuulizwa habari za mifuko hiyo kama mtu aliyeichukua, ilhali ufunguo hakuwahi kuushika. Sahihi yake tu ndiyo iliyokuwapo katika karatasi, mara ya kwanza kama mpokeaji wa vifaa, na mara ya pili kama mwenyekiti aliyeridhika na mapokezi.

Makala haya basi yanakusudia kueleza maneno yanayotumika kuhusu vyombo vinavyosimama juu ya shule za umma nchini Tanzania, na kupendekeza jinsi ya kuyatenganisha.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, pamoja na marekebisho yaliyofuata, inataka shule ya msingi iwe na kamati na shule ya sekondari iwe na bodi. Kiongozi wa shule ya msingi ni mwalimu mkuu. Wa sekondari ni mkuu wa shule. Tofauti hii ndogo wafasiri wengi huisahau, na barua ikapelekwa mahali pasipo pake. Katika vyombo vyote viwili kiongozi huyo ndiye katibu. Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa makini: mtu ambaye kazi yake inaangaliwa na kamati ndiye anayeandika muhtasari wa kikao kilichoiangalia. Sisemi kwamba mpango huo ni mbaya. Nani mwingine shuleni angeshika faili na kujua waraka upi umefika lini? Lakini pale ambapo mtu mmoja anavaa kofia mbili, lugha haina budi kuonyesha wazi wakati gani amevaa ipi. Na lugha yetu kwa sasa haionyeshi.

Mkanganyiko huu una historia, nayo si ya lugha tu. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na hasa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote mwaka 1977, kamati ya shule ilikuwa mikono. Wajumbe wake walihimiza ufyatuaji wa matofali, usombaji wa maji na mawe, ujenzi wa nyumba ya mwalimu. Kusimamia kulikuwa kusimama pale pale penye kazi, jasho likitoka. Hakuna aliyeona haja ya kutofautisha mwenye kutenda na mwenye kuuliza, kwa sababu fedha za kuulizia zilikuwa chache mno.

Hali ilibadilika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa, na mpango ukaweka ruzuku iliyokadiriwa kuwa dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ikawa na akaunti ya benki, na kamati ikawa na sehemu katika kupanga na kuidhinisha matumizi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipoweka elimumsingi bila malipo, kamati zilizozoea kukusanya michango zilijikuta zimenyang'anywa kazi ya mkono na kubakiwa na kazi ya jicho, kiasi kwamba mwaka uliofuata ulitolewa Waraka Na. 3 kueleza upya nani anawajibika kwa lipi. Kisha ukaja utaratibu wa kujenga kwa mafundi wa mahali penyewe, ule ambao katika lugha ya ofisini huitwa fosi akaunti. Mwaka 2021, fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa zilizotolewa kukabili athari za UVIKO-19 zilipopangiwa kujenga madarasa 15,000 nchini, utaratibu huo ndio uliotumika. Ndani yake huundwa kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, makusudi ili anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Katika kijiji chenye watu wachache wanaojua kusoma hesabu, majina yaleyale huzunguka katika kamati zote tatu. Mzee wetu wa mifuko tisa alikuwa katika mbili, na juu yake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Neno usimamizi lilimfuata kote, lenye maana tofauti kila alipoketi.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kusimamia ni kauli ya kutendea ya kusimama: kusimama kwa ajili ya jambo, au juu yake. Katika kauli hii tayari kuna mlango wa maana mbili, na wazungumzaji wa Kiswahili wamepita katika yote miwili bila kujali. Msimamizi wa mirathi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni, hugawa urithi. Huyo anatenda, na mikono yake imo katika mali. Msimamizi wa mtihani hutembea kati ya madawati na haandiki jibu hata moja, akiandika, atakamatwa. Msimamizi wa uchaguzi huuendesha uchaguzi katika jimbo na kutangaza matokeo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Na hakuna anayefikiri kwamba maana yake ni wabunge kukaa katika madawati ya wizara. Hapo kusimamia ni kuuliza, kudai maelezo, kukagua kwa macho ya wananchi na kukataa inapobidi.

Mfano wa uchaguzi una faida nyingine. Pembeni ya msimamizi wa uchaguzi lugha imemweka mwangalizi wa uchaguzi, na watu hawawachanganyi. Mwangalizi ana jicho bila mkono: huona, huandika taarifa, huondoka, hawezi kusimamisha upigaji kura. Kwa hiyo wale wanaopendekeza kwamba kazi ya kamati ya shule iitwe uangalizi, ili kuitenga na kazi ya mwalimu mkuu, wanaikwepa shimo moja na kutumbukia katika jingine. Kamati si mtazamaji. Mwalimu mkuu akileta bajeti isiyoeleweka, kamati inaweza kuirudisha. Mwangalizi hana uwezo wa kurudisha kitu.

(Kiingereza nacho, tukiruhusiwa kukichungulia, hakina sababu ya kutucheka. Neno lake la kazi hii ya kutazama kutoka juu laweza pia kumaanisha kupitiwa, yaani kuacha jambo bila kuliona. Hatujarithi kasoro hiyo, na tusiombe kuirithi.)

Pendekezo langu ni hili. Kazi ya kila siku ya mwalimu mkuu au mkuu wa shule, yaani kupanga ratiba, kugawa walimu, kununua chaki, kutunza ghala na kuweka hesabu, iitwe uendeshaji. Neno hili halihitaji kubuniwa. Limo tayari katika ofisi zetu, kwani fedha zinazopelekwa shuleni kwa shughuli hizo huitwa ruzuku ya uendeshaji, na karani yeyote wa elimu analifahamu. Usimamizi ubaki kuwa kazi ya kamati na bodi, kwa maana ileile ya Katiba: uwezo wa kuidhinisha, kuhoji na kukataa, bila kushika ufunguo. Uangalizi uachiwe wenye jicho bila mamlaka, kama vile shirika linalofuatilia mradi, au mzazi anayepita shuleni kutazama. Anayekagua kwa utaalamu na kwa vipimo vilivyowekwa, akitoka nje ya shule, aitwe mkaguzi, naye awe wa hesabu au wa taaluma.

Juu ya huyu wa mwisho yanipasa niseme kidogo, maana serikali imebadili jina lake. Kwa miaka mingi tulikuwa na ukaguzi wa shule na wakaguzi wa shule. Siku hizi idara inaitwa ya uthibiti ubora wa shule, na afisa wake ni mthibiti ubora. Nia inaeleweka: mkaguzi alikuwa ameogopwa kama askari, naye alitakiwa awe msaidizi. Walakini jina jipya limezaa kosa ambalo nalikuta katika barua nyingi kuliko kosa lingine lolote la fani hii. Wengine huandika uthibiti, wengine udhibiti, na wengi hudhani ni tahajia mbili za neno moja. Sivyo. Ni maneno mawili yenye mizizi miwili ya Kiarabu. Uthibiti ni ndugu wa thabiti na kuthibitisha: kuhakikisha kwamba jambo ni imara, ni kweli. Udhibiti ni kutia jambo mkononi, kulizuia lisipite mpaka. Ndiyo maana afisa mkuu wa hesabu za taifa anaitwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali: kazi zake mbili zimetajwa kwa maneno mawili, la kuzuia fedha isitoke pasipo halali na la kuchunguza iliyokwisha kutoka. Afisa wa shule hana udhibiti wa aina hiyo. Mwandishi anayemwita mdhibiti ubora anampa mamlaka ambayo cheo chake hakikumpa, na mwalimu aliyekwisha kumwogopa mkaguzi atamwogopa maradufu.

Neno jingine linalotuponyoka ni uwajibikaji. Wako wanaofundisha darasani kwamba kuwajibika kunatokana na jibu, yaani kuwa na jibu unapoulizwa. Maelezo hayo yanapendeza na yanasaidia kukumbuka, lakini kwa asili si sahihi. Wajibu na jibu ni maneno yaliyofanana sauti yakiwa yametoka katika mizizi mbalimbali. Wajibu ni jambo lililo lazima. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba katika siasa za nchi yetu kuwajibika kumekwenda kukaza maana hadi kuwa kujiuzulu, na kuwajibishwa kumekuwa kuadhibiwa. Mwongozo ukisema kwamba mwalimu mkuu atawajibika kwa kamati, mwalimu mkuu husikia tishio, na mjumbe wa kamati husikia kwamba amepewa fimbo. Kilichokusudiwa ni jambo la kawaida sana: kila robo mwaka mwalimu mkuu aeleze fedha gani ziliingia, zilitoka kwa nini, na zimebaki ngapi. Katika matini kama hiyo ningependelea kuandika kwamba mwalimu mkuu atatoa hesabu kwa kamati. Kutoa hesabu ni usemi ambao kila mtu aliyewahi kutunza fedha za chama cha kuzikana anaujua, na hausikiki kama kesi.

Tukigeukia majina ya vyombo, wafasiri wa matini za nchi nyingine hukwama mara kwa mara. Katika nchi kadhaa chombo cha wazazi na walimu kinachosimama juu ya shule kinaitwa kwa neno ambalo kamusi hulifasiri kuwa baraza. Mfasiri huandika baraza la shule na kuendelea mbele. Lakini mwalimu wa sekondari wa Tanzania akisoma baraza la shule anaona wanafunzi wamekusanyika ukumbini au chini ya mti pamoja na walimu wao, wakitoa kero za chakula na bweni. Na baraza la wanafunzi ni viongozi wao waliochaguliwa. Hicho si chombo cha kuidhinisha bajeti. Baraza, kwa asili yake ya pwani, ni kile kiti cha mawe mbele ya nyumba ambapo watu huketi kuzungumza, na ingawa limepanda cheo likawa la mawaziri na la madiwani, shuleni limebaki mahali pa kusikilizana. Halmashauri nalo, lililojengwa juu ya shauri, limekwisha kuchukuliwa na serikali za mitaa: kuna halmashauri ya wilaya inayomiliki shule na halmashauri ya kijiji inayopakana nayo. Kuongeza halmashauri ya shule kati ya hizo mbili ni kumwongezea karani maumivu ya kichwa. Kwa matini zinazowahusu wasomaji wa Tanzania, chombo cha namna hiyo kiitwe kamati kikiwa cha shule ya msingi, na bodi kikiwa cha sekondari; jina la kigeni lielezwe mara moja mwanzoni, basi. Kwa wasomaji wa Zanzibar itakuwa kamati ya skuli, na mhariri wa Dar es Salaam asiisahihishe.

Anayefasiri kwa ajili ya Kenya lazima avuke mpaka kwa tahadhari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya huko, Na. 14 ya mwaka 2013, iliweka bodi za usimamizi mahali pa bodi za magavana za sekondari na pia mahali pa kamati za shule za msingi. (Ilikuwa bahati njema kwa wafasiri, kwani mwaka huohuo Kenya ilipata magavana wa kaunti, na magavana wa aina mbili katika gazeti moja wangetosha kumchosha msomaji.) Kwa hiyo huko usimamizi umo ndani ya jina la chombo lenyewe. Mfasiri hana ruhusa ya kubadili jina lililowekwa na sheria ya nchi. Atakachoweza ni kuwa mwangalifu katika vitenzi vinavyolifuata.

Na vitenzi ndivyo ninavyotaka wafasiri wavikimbilie. Sehemu kubwa ya giza katika miongozo yetu inatokana na kupenda majina ya dhana: usimamizi wa fedha, uimarishaji wa utekelezaji, ufuatiliaji wa mapokezi. Jina la dhana halitaji mtendaji, na palipokosa mtendaji ndipo mifuko ya saruji inapopotelea. Sentensi ya mwongozo wetu ilisema: "Kamati itakuwa na jukumu la usimamizi wa mapokezi ya vifaa." Tuliiandika upya hivi: "Kamati ya mapokezi itahesabu vifaa vinapofika na kutia sahihi. Mwalimu mkuu atavitunza na kuandika kila kinachotoka ghalani. Kamati ya shule italinganisha hesabu ya walio wapokea na daftari la ghala, na itamtaka mwalimu mkuu aeleze tofauti yoyote. Mjumbe aliyetia sahihi ya mapokezi hatashiriki katika kulinganisha." Sentensi moja imekuwa nne, na mchapaji alilalamika kuhusu karatasi. Lakini sasa mzee anaweza kuweka kidole juu ya mstari unaomhusu, na mkutano wa kijiji unaweza kuusoma mstari huohuo.

Haja ya kuyatengeneza haya imeongezeka tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Zamani neno likiyumba katika mwongozo, mwanasheria aliweza kurejea matini ya Kiingereza na kusema hii ndiyo iliyokusudiwa. Kimbilio hilo linazidi kupungua. Hakimu atakayeletewa kesi ya mwenyekiti wa kamati na mifuko tisa atasoma neno la Kiswahili lililo mbele yake, na atauliza linamtaka mtu huyo afanye nini.

Limebaki neno moja ambalo sijaliweza, nalo ni lile la kutaja mpango mzima: nani ana sauti, anaipata kwa njia gani, na mipaka yake ni ipi, kuanzia mkutano wa wazazi hadi wizarani. Wengi huandika utawala, kwa kufuata utawala bora uliokwisha kuzoeleka katika siasa. Shuleni lakini jengo la utawala ni ofisi ya walimu, na afisa utawala ni mtu wa likizo na vyeo. Mzazi akisoma utawala wa shule atadhani hamumo yeye. Uongozi umekaribia, ila unataja watu kuliko mpango. Katika rasimu iliyoko mezani nimeandika "mpangilio wa madaraka ya shule", maneno matano mahali pa moja, nami sifurahii urefu wake. Walimu na wafasiri ambao katika sehemu zao wamesikia neno fupi zaidi linalotumiwa na wazazi wenyewe wanaombwa walilete, pamoja na sentensi mbili au tatu zinazoonyesha jinsi lilivyosemwa.